Jinsi ya kusoma hati ya jiji au manispaa yako ujue nani ana nguvu gani

Mtaro wa mtaa wetu uliziba mvua za masika zikiwa ndio zinaanza, maji yakaingia nyumba nne. Nikaenda kwa msimamizi wa wadi, akanituma manispaa. Manispaa wakaniambia kazi hiyo hawajapewa, nenda kaunti. Kaunti kwa dirisha la kwanza nikaambiwa sasa nyinyi ni manispaa, mambo ya mitaro si yetu tena. Siku tatu hizo na nauli. Mji wenyewe siutaji, manake nikiongea na watu wa miji mingine naona ni hadithi ile ile. Nilichofanya mwishowe ni kutafuta hati ya manispaa, nikaisoma jioni mbili na kalamu mkononi, na ndio nikajua mbona kila mtu ananirusha kwa mwenzake. Hii hapa ndio njia niliyotumia, nimeiandika ya Kenya kwa sababu ndio sheria ninayoijua.

Kwanza ujue hati ni nini. Ni karatasi ya kisheria inayosema mji fulani sasa ni jiji ama manispaa, mipaka yake ni hii, bodi yake ni hii, meneja wake anapatikana hivi, kazi zake ni hizi na pesa zake zinatoka hapa. Nairobi ilipata ya kwake 30 Machi 1950 kutoka kwa mfalme wa Uingereza, akaileta Duke wa Gloucester. Kwa sasa rais ndiye anatoa hati ya jiji, na gavana anatoa ya manispaa. Nakuru ilipata yake 1 Desemba 2021 wakati wa Uhuru Kenyatta, ikawa jiji la nne, na Eldoret ikapata 15 Agosti 2024 kutoka kwa William Ruto ikawa la tano.

Kitu kinachochanganya wazee wetu, na hata vijana, ni kwamba bado tunafikiria mji kama ule wa zamani wa meya na madiwani. Hiyo iliisha. Uchaguzi wa Machi 2013 ukiingia, mabaraza ya miji yalikufa, meya akaenda, karani wa mji akaenda, na sheria yao ya zamani ikafutwa. Jina "kanjo" ndilo limebaki midomoni kwa askari wanaokimbiza wachuuzi, lakini baraza lenyewe halipo, hao askari sasa ni wa kaunti. Pia usichanganye na ya majirani, Tanzania jiji lina meya anayechaguliwa na madiwani na lina mkurugenzi anayeteuliwa na rais, kwa hivyo ukisikia ndugu yako wa Arusha anaongea juu ya meya wake hajakosea, ni vile mpangilio wao ni tofauti. Kwetu hakuna mtu hata mmoja unayempigia kura kwa ajili ya mji peke yake. Unapigia MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na gavana, na hao ni wa kaunti. Hii ikae kichwani manake kila kitu kingine kinafuata kutoka hapo.

Sheria inayosimamia haya yote inaitwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na imetoka kwa kifungu cha 184 cha Katiba. Ilirekebishwa 2019 na rekebisho moja lilibadilisha ramani kabisa. Mwanzoni mji ulihitaji watu 500,000 ndio uwe jiji, wakashusha hadi 250,000, na manispaa ikashuka kutoka 250,000 hadi 50,000. Angalia sensa ya 2019 uone maana yake: Nakuru ilikuwa na watu 570,674, hiyo ingepita hata kwa kipimo cha zamani. Eldoret 475,716, isingepita. Kisumu yenyewe, ambayo tumeizoea kuita jiji miaka yote, ilikuwa na 397,957. Na Thika ilihesabiwa 251,407, yaani imevuka mstari mpya kwa watu 1,407 tu. Kwa hivyo mtu akikwambia mji wenu "umefikia" kuwa jiji, muulize umefikia kipimo kipi, kwa sababu idadi ya watu ni sharti moja kati ya mengi. Sheria inataka pia mji uwe na mpango wa maendeleo, uonyeshe unaweza kuingiza pesa za kujiendesha, uwe na rekodi nzuri za usimamizi, nafasi ya kupanuka, taa za barabarani, masoko, zimamoto, na njia ya kutupa taka inayofanya kazi. Makao makuu ya kaunti yanaweza kupewa umanispaa hata kama watu hawajafika idadi.

Njia ya kupata ujiji ni ndefu. Bodi ya manispaa inapitisha azimio na kuomba kwa kamati kuu ya kaunti, kunaundwa kamati ya wataalamu wakiwemo wapimaji ardhi, wapangaji miji, wasanifu majengo, mawakili na wahasibu, ikikubali inaenda bunge la kaunti, halafu Seneti, halafu rais. Ya manispaa ni fupi, gavana anatoa baada ya bunge la kaunti kupitisha. Nyingi za manispaa zilitoka karibu 2018 kwa sababu kulikuwa na programu ya miji iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia, ikigusa miji 59 kwenye kaunti 45, na pesa zake zilikuwa na sharti la mji kuwa na hati na bodi. Hii naitaja si kulaumu, ila inakusaidia kuelewa kwa nini mji wako una hati na hukumbuki mkiitwa kuijadili.

Sasa uipate. Anza ofisi ya meneja wa manispaa au jiji, omba nakala. Wakisema haiko, jaribu tovuti ya kaunti, halafu ofisi ya karani wa bunge la kaunti manake ilipita mikononi mwao. Usiombe kwa mdomo, andika barua hata ya mistari mitatu, wapigie muhuri nakala yako siku unayoipeleka. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, na hawatakiwi kukutoza kwa kuomba, labda gharama ya kutoa kopi. Wakikaa kimya peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale tunaowaita Ombudsman, hawahitaji wakili. Mimi sikufika huko, barua yenye muhuri ilitosha.

Shida ya pili ni lugha. Hizi hati zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, sentensi moja inaweza kula nusu ukurasa. Mimi nilikaa na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, yeye anasoma mimi nauliza, na kusema kweli hiyo ilikuwa afadhali kuliko kusoma peke yangu kwa sababu ukilazimika kumweleza mtu mwingine ndio unagundua hujaelewa.

Usianze ukurasa wa kwanza ukaenda mpaka mwisho, utachoka. Anza na mipaka. Kuna watu wengi sana wanaoishi kwenye mji wa kuongea lakini hawako kwenye mji wa hati, na pia kuna mashamba ya mahindi ambayo yako ndani ya manispaa na mwenyewe hajui. Tafuta orodha ya wadi au lokesheni, na kama kuna ramani nyuma iangalie, mtaa wako uko ndani au nje? Ukiwa nje, bodi ya mji haihusiki na wewe, unarudi kwa msimamizi wa wadi na kaunti moja kwa moja, na usipoteze nauli.

Halafu ruka uende sehemu ya kazi na mamlaka. Hapa ndipo kalamu inahitajika, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka.

Utakuta orodha ndefu na tamu: kusimamia mambo ya mji, kutunga sera na mipango, kusimamia matumizi ya ardhi na ugawaji wa ploti, miundombinu, kukusanya ada na kodi, kuandaa bajeti ya mwaka, kuweka mazingira salama, kupanga usafiri wa umma, na kuendelea. Ukisoma haraka utasema lo, bodi yetu ina nguvu kama serikali nzima. Sasa rudi mwanzo wa kila mstari na utafute maneno ya namna hii: "kadiri itakavyokasimiwa na serikali ya kaunti". Yazungushie kalamu kila unapoyaona. Kukasimu ni kumwachia mtu mwingine kazi yako aifanye kwa niaba yako, kazi inabaki yako na unaweza kuirudisha. Kwenye sheria yenyewe maneno hayo yako kwa udhibiti wa ardhi, yako kwa miundombinu na huduma, yako kwa ukusanyaji wa kodi na ada. Yaani zile kazi tatu ambazo mwananchi anaziona kwa macho, barabara, ploti na pesa, ndizo zimefungwa na hayo maneno. Kazi ambazo hazijafungwa ni kama kupanga, kuandaa makadirio, kuweka rekodi, kusimamia mambo ya ndani ya ofisi.

Kwa hivyo hati inaunda ofisi, lakini nguvu nyingi za ofisi hiyo zinangoja karatasi nyingine. Hiyo karatasi ya pili ndiyo watu wengi hawaiulizi. Ni uamuzi wa kaunti, kwa maandishi, unaosema kazi hizi na hizi tumeziachia bodi kuanzia tarehe fulani. Iombe pamoja na hati. Kuna mji unaweza kuwa na bodi nzima, meneja, gari na ofisi yenye bango zuri, na kazi iliyoachiwa kweli ni kufagia barabara na kuzoa taka za soko peke yake. Ukijua hivyo hutamkasirikia meneja kwa kitu ambacho hana, utaenda kwa aliyekishika.

Ni kweli pia kuna mambo ambayo hata kaunti haina. Barabara kubwa za kitaifa ziko kwa KeNHA na baadhi ya barabara za mjini ziko kwa KURA, hayo ni mashirika ya barabara ya serikali ya kitaifa, polisi pia ni wa serikali ya kitaifa, hati za mashamba na shule za msingi na sekondari vilevile. Kaunti ina chekechea, masoko, leseni za biashara, taka, zimamoto, maegesho, taa za mitaani, barabara za kaunti, maji kupitia kampuni zake. Ukishika mgawanyo huu hata kabla hujafungua hati umeshajiokolea safari mbili.

Sasa ofisi zenyewe. Bodi ya jiji haizidi watu 11, ya manispaa ni 9. Hawapigiwi kura na wananchi. Wengine wanateuliwa na gavana, wengine wanapendekezwa na vikundi vinne ambavyo ningependa uvikariri: vyama vya wataalamu, sekta ya kibinafsi, sekta ya jua kali iliyosajiliwa, na vyama vya wakaazi wa mitaa. Halafu bunge la kaunti linaidhinisha majina. Hapo ndipo mlango wetu ulipo na huwa tunaupita. Kama chama cha wachuuzi wa soko lenu kimesajiliwa na kina kitabu cha mikutano, mna haki ya kuwa kwenye meza ya kupendekeza jina. Kama ni kikundi cha WhatsApp tu, hamtahesabiwa, hata mkiwa elfu moja. Kusajili kikundi ni kazi ya wiki chache, na wanabodi wanakaa miaka 5, kwa hivyo tafuta kwenye hati ama kwa barua za uteuzi tarehe muda wao unaisha, muanze mapema.

Angalia pia wanakaa mara ngapi, mwenyekiti anapatikanaje, kamati zake ni zipi, na mtu anaondolewaje. Wanabodi si waajiriwa wa kudumu, wanakuja kwa vikao. Kwa hivyo usimtafute mwanabodi ofisini Jumatatu asubuhi, hutampata, na si kwamba amekukwepa.

Mtu wa ofisini ni meneja. Huyu anaajiriwa kwa ushindani na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, anatekeleza maamuzi ya bodi na anajibu kwa bodi. Hapa kuna jambo linalonisumbua mimi binafsi. Anajibu kwa bodi, lakini kazi alipewa na kaunti, mshahara unatoka kaunti, na wafanyakazi wengi walio chini yake wametumwa na kaunti, kwa hivyo mtu kama huyo akigongana na waziri wa kaunti unaweza kukisia atasikiliza nani. Sioni kama ni kosa la meneja, ndivyo ofisi ilivyojengwa, na ndiyo sababu ukimwandikia meneja ni vizuri uweke nakala kwa mwenyekiti wa bodi na pia kwa waziri wa kaunti anayehusika na miji.

Kama uko Nairobi au Mombasa hii habari ya bodi na meneja ikupite kidogo. Huko jiji na kaunti ni kitu kimoja, gavana na bunge la kaunti ndio wanaendesha jiji, kwa hivyo barua zako zinaenda idara ya kaunti moja kwa moja. Kisumu, Nakuru na Eldoret ndizo jiji liko ndani ya kaunti kubwa zaidi yake, na hapo ndipo swali la nani ameachiwa nini linauma.

Sehemu ya pesa isome hata kama hupendi hesabu. Bodi inaandaa makadirio yake na kuyapeleka hazina ya kaunti, yakishaingia humo yanakuwa sehemu ya bajeti ya kaunti na bunge la kaunti ndilo linapitisha. Utauliza, je, leseni na ada za maegesho zinazokusanywa mjini zinabaki mjini? Tafuta jibu kwa hati na kwa ile karatasi ya kuachia kazi. Kama haijaandikwa kwamba bodi imeruhusiwa kukusanya, basi pesa zinaenda mfuko wa kaunti na mji unangoja mgao kama idara nyingine yoyote. Fungua kitabu cha bajeti cha kaunti utafute jina la manispaa yako, uone wamegawiwa ngapi na kati ya hizo za maendeleo ni ngapi. Ukiona karibu zote ni mishahara na semina, umeshapata swali la kuuliza kikaoni.

Na kalenda ndiyo kila kitu hapa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, makadirio yenyewe kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa pesa unaisha 30 Juni. Watu wanakuja kulalamika mwezi wa sita bajeti ikishafungwa! Mtaro unaoutaka mwakani unauombea Agosti na tena Januari, si siku maji yanaingia ndani.

Mwisho kabisa wa kusoma, na hii iko karibu nyuma, tafuta haki za wakaazi. Sheria ina jedwali zima la hayo. Una haki ya kupeleka maoni au malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi, kujibiwa bila kucheleweshwa, kuambiwa maamuzi ya bodi yanayokugusa, na kupewa taarifa za hali ya mji mara kwa mara pamoja na fedha zake. Kuna pia vikao vya wananchi, ambapo wakaazi wanajadili huduma, bajeti ya mwaka na mipango na kutoa mapendekezo. Ukiona hati yenu inataja vikao hivyo na hujawahi kusikia tangazo hata moja, andika uulize cha mwisho kilifanyika lini na kumbukumbu zake ziko wapi. Swali hilo moja, likiwa na namba ya kifungu pembeni, linapata jibu haraka kuliko kurasa tatu za hasira, hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Barua yenyewe iwe fupi. Yangu ilikuwa na mistari minane. Nilitaja mtaa na wadi, nikasema uko ndani ya mipaka ya hati ukurasa fulani, nikataja kifungu cha kazi ya mitaro, nikauliza mambo mawili pekee: je, kazi hii imekasimiwa kwa bodi, na kama ndiyo naomba nakala ya uamuzi, kama siyo naomba jina la idara iliyobaki nayo. Picha mbili za maji nikaambatanisha. Nakala kwa mwenyekiti wa bodi, kwa waziri wa miji na kwa MCA wetu.

Jibu lilikuja siku ya kumi na saba, ukurasa mmoja, mtaro haujakasimiwa, bado uko idara ya barabara ya kaunti. Sikufurahi sana lakini angalau sasa ilikuwa kwa maandishi na hakuna dirisha lingeweza kunirudisha nyuma. Tukaipeleka idara ya barabara ikiwa imebanwa pamoja na barua mpya, na Januari kwenye kikao cha maoni ya bajeti tulifika watu kumi na wawili wa mtaa huo, wale wa zile nyumba nne wakakaa mbele, mama mmoja akasoma namba ya kifungu kutoka kwa daftari la mtoto wake. Afisa aliyekuwa anaandika akamwomba airudie polepole.